Siku 171: hesabu inayowachelewesha vijana wa besiboli kupanda ligi kuu

Katika kambi ya maandalizi ya mwaka 2015, Kris Bryant alivusha mpira nje ya uzio mara 9, na hakuna mchezaji mwingine wa klabu yoyote aliyemfikia. Klabu yake, Chicago Cubs, ikamrudisha ligi ndogo. Ilieleza kwamba kijana bado anahitaji kunoa ulinzi wake kwenye beisi ya tatu. Msimu ukaanza tarehe 5 Aprili bila yeye. Tarehe 17 Aprili, Cubs ikiwa imecheza mechi nane tu, akaitwa Chicago.

Chukua kalenda uhesabu. Msimu ule ulianza tarehe 5 Aprili na kumalizika tarehe 4 Oktoba, jumla ya siku 183. Kuanzia tarehe 17 Aprili zilibaki siku 171. Mkataba kati ya klabu na chama cha wachezaji unasema mwaka mmoja wa utumishi ni siku 172. Angeitwa tarehe 16, angekuwa na mwaka mzima. Aliitwa tarehe 17, kwa hiyo mwishoni mwa msimu, pamoja na tuzo yake ya mchipukizi bora wa ligi, kitabu cha utumishi kilimwandikia miaka sifuri na siku 171. Siku hiyo moja iliyopungua ilimweka chini ya Cubs kwa msimu mmoja zaidi.

Anayefuata soka hushangaa jambo hili, kwa sababu kule kijana husaini mkataba wa miaka kadhaa, ukiisha anaondoka. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, haiendi hivyo. Kijana anayeingia ligi kuu kwa kawaida hupewa mkataba wa mwaka mmoja, na ukiisha klabu ndiyo yenye haki ya kuurefusha. Yeye hana pa kwenda. Anakuwa mchezaji huru, yaani mwenye ruhusa ya kuzungumza na klabu zote 30, pale tu anapotimiza miaka sita ya utumishi katika ligi kuu. Miaka hiyo haipimwi kwa misimu aliyocheza. Inapimwa kwa siku alizokuwa kwenye orodha ya wachezaji wa timu kubwa, ziwe siku za mechi, za mapumziko au hata za kuuguza jeraha akiwa kwenye orodha ya majeruhi ya timu hiyo. Siku za ligi ndogo hazihesabiwi.

Rekodi huandikwa kwa miaka, nukta, kisha siku. Mchezaji mwenye 2.130 ana miaka miwili na siku 130. Hata akikaa msimu wote wa siku 187, anaandikiwa siku 172 tu, maana hakuna anayevuna zaidi ya mwaka mmoja kwa msimu. Kati ya siku 172 zinazotakiwa na siku 183 hadi 187 za msimu kuna mwanya wa wiki mbili hivi, na ndani ya mwanya huo ndimo mchezo wote unapochezwa. Mchezaji aliyekosa siku 15 za msimu wa siku 187 anapata mwaka kamili kama aliyecheza tangu siku ya kwanza. Aliyekosa siku 16 anapata 171, na 171 haihesabiwi mwaka.

Kwa nini miaka sita? Hadi mwaka 1975 klabu ilimshikilia mchezaji kwa kifungu kilichojirudia kila mwaka bila kikomo. Tarehe 23 Desemba mwaka huo msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba warushaji Andy Messersmith na Dave McNally, waliocheza msimu huo bila kusaini mkataba, wako huru. Mwaka 1976 pande mbili zikakaa mezani na kutoka na kikomo cha miaka sita. Wengi husahau kwamba kikomo hicho hakikuwa matakwa ya matajiri peke yao. Marvin Miller, aliyeongoza chama cha wachezaji, alijua kwamba wachezaji wote wakiwa huru kila mwaka soko litafurika na bei itaanguka. Alitaka wachache waingie sokoni kwa zamu, wagombaniwe. Mfumo anaobanwa nao kijana wa leo ulijengwa kwa mikono miwili.

Ndani ya miaka hiyo sita kuna ngazi za mshahara. Miaka mitatu ya mwanzo klabu humlipa inachotaka, mradi isishuke chini ya kima cha chini, ambacho kilikuwa dola 507,500 mwaka 2015 na 760,000 mwaka 2025. Akitimiza miaka mitatu anaingia kwenye usuluhishi wa mshahara. Mchezaji anataja kiasi anachotaka, klabu inataja chake, na wakishindwa kuelewana jopo la wasuluhishi watatu linachagua kimoja kati ya hivyo viwili. Haliruhusiwi kukata katikati. Mshahara hupanda kila mwaka wa usuluhishi, ila kwa nyota hubaki chini ya bei ambayo soko huria lingempa.

Kuna mlango wa pembeni. Kila mwaka, asilimia 22 ya wachezaji wenye utumishi mkubwa zaidi kati ya wale walio na miaka miwili lakini hawajafika mitatu huingia kwenye usuluhishi mwaka mmoja kabla ya wenzao. Kundi hilo huitwa Super Two. Mpaka wake haujulikani mapema kwa sababu ni asilimia, lakini katika miaka mingi umeangukia kati ya 2.115 na 2.140.

Kwa hiyo klabu ina mistari miwili kwenye kalenda yake. Wa kwanza uko katikati ya Aprili. Ukiuvuka kabla ya kumpandisha kijana umejipatia msimu wa saba wa kumtumia. Wa pili uko mwanzoni mwa Juni. Ukisubiri siku 73 na zaidi kwenye msimu wa siku 187, kijana anabaki na siku zisizofika 115, na miaka miwili baadaye kuna uwezekano mkubwa atakosa kundi la Super Two, hivyo umekwepa pia mwaka mmoja wa usuluhishi. Ukisikia klabu maskini imemleta kijana wake bora wiki ya kwanza ya Juni, usiulize alikuwa akinoa nini.

Bryant anafaa kutazamwa hapa kwa karibu, kwa sababu watu wengi hudhani alinyimwa mshahara wa miaka yake ya mwanzo. Siku zake 171 zilikuwa juu sana ya mpaka wa Super Two, kwa hiyo aliingia kwenye usuluhishi kabla ya msimu wa 2018, wakati uleule ambao angeingia kama angekuwa na miaka mitatu kamili. Mshahara wake ukaruka kutoka dola milioni 1.05 hadi milioni 10.85. Cubs haikuokoa senti hapo. Ilichopata ni msimu wa 2021. Bila ile siku moja, Bryant angekuwa mchezaji huru baada ya msimu wa 2020. Badala yake alicheza mwaka wa nne wa usuluhishi kwa dola milioni 19.5, na Julai 2021 Cubs ikamuuza San Francisco Giants ikapata wachezaji wachanga. Ndiyo thamani ya mwaka wa ziada: ama unamtumia nyota, ama unambadilisha na wachezaji wengine kabla hajaondoka bure.

Mbinu yenyewe inategemea hali ya kijana kwenye karatasi. Kila klabu ina orodha mbili, ya wachezaji 26 wanaocheza na ya wachezaji 40 wanaolindwa. Kijana ambaye hajaingizwa kwenye orodha ya 40 ni mwepesi kumchelewesha: anahudhuria kambi kama mgeni mwalikwa, anarudishwa ligi ndogo, na siku ikifika mkataba wake unanunuliwa. Bryant, aliyechaguliwa kwenye drafti (zamu ya klabu kuchagua vijana wapya) ya 2013, alikuwa katika hali hiyo. Aliyekwisha kuingizwa kwenye orodha ya 40 ana kinga kidogo. Akishushwa kwa jumla ya siku zisizofika 20 katika msimu, siku hizo huhesabiwa kama za ligi kuu. Meneja akimshusha siku 17 akidhani amemaliza kazi, amejipiga chenga mwenyewe. Ndiyo maana wachezaji wa aina hii wakishushwa hukaa chini siku 20 au zaidi.

Wala si lazima kuchelewesha kufanyike mwanzoni. Kijana anaweza kuanza msimu, akasuasua Mei, akashushwa wiki nne, akarudi. Athari kwenye kitabu ni ileile, na hakuna mwandishi wa habari anayepiga kelele, kwa kuwa takwimu zake za Mei zilikuwa mbovu kweli. Kwa maoni yangu njia hii huwaumiza wachezaji wengi zaidi kuliko ile ya Aprili, ingawa ya Aprili ndiyo inayopata vichwa vya habari.

Kuthibitisha nia ndipo pagumu. Desemba 2015 chama cha wachezaji kilifungua malalamiko kwa niaba ya Bryant. Uamuzi ulitoka Januari 2020, zaidi ya miaka minne baadaye, wakati ameshatwaa tuzo ya MVP (mchezaji bora wa ligi) ya 2016 na ubingwa wa World Series, fainali ya MLB, mwaka huohuo. Msuluhishi Mark Irvings aliipa ushindi klabu. Mkataba unampa mwajiri haki ya kuamua nani acheze wapi, na ukitaka kuonyesha kwamba aliamua kwa nia mbaya unahitaji kitu zaidi ya kalenda. Sababu ya ulinzi ipo daima. Hakuna kijana wa miaka 21 asiye na cha kunoa. Mashabiki waliiita danganya toto, lakini mbele ya msuluhishi ilitosha. (Na mechi yake ya kwanza Bryant alipiga mara nne bila kupata kitu, mara tatu akatolewa kwa kukosa mpira. Wenye klabu walikuwa na haki ya kutabasamu.)

Vladimir Guerrero Mdogo alipitia njia hiyohiyo akiwa na Toronto Blue Jays. Mwaka 2018 alipiga kwa wastani wa .381 katika ligi ndogo na hakuitwa hata mara moja. Kambi ya 2019 akaumia misuli ya ubavu, jambo lililoipa klabu sababu halali, na akapandishwa tarehe 26 Aprili. Msimu uliisha tarehe 29 Septemba. Siku 157.

Kilichokuwa kikisemwa chini kwa chini kilitamkwa wazi Februari 2021. Kevin Mather, rais wa Seattle Mariners, alizungumza kwa video na klabu ya Rotary ya Bellevue, na video ikasambaa. Alieleza kwamba vijana wao bora hawangeonekana uwanjani mwaka 2020 kwa sababu klabu haikutaka saa ya utumishi ianze kutembea. Alisema pia kwamba Jarred Kelenic alipewa ofa ya mkataba mrefu akaikataa. Tarehe 22 Februari Mather alijiuzulu. Kelenic alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu tarehe 13 Mei.

Ofa hiyo ya mkataba mrefu ndiyo upande wa pili wa mchezo, nao haujadiliwi vya kutosha. Klabu ikiwa na uwezo wa kukuacha ligi ndogo, inaweza kuutumia kukusainisha. Machi 2019 Chicago White Sox walimshusha Eloy Jiménez hadi Triple-A, ngazi ya juu kabisa ya ligi ndogo. Kabla mwezi haujaisha alisaini miaka sita kwa dola milioni 43, na siku ya kwanza ya msimu alikuwa uwanjani na timu kubwa. Ulinzi wake haukubadilika ndani ya wiki hizo. Mkataba wa namna hii ukishasainiwa, hesabu ya siku inapoteza maana kwa klabu, kwa sababu miaka ya uhuru imekwisha kununuliwa. Milwaukee Brewers walifanya vivyo hivyo na Jackson Chourio Desemba 2023: dola milioni 82 kwa miaka minane, kabla hajagusa ligi kuu, akiwa na miaka 19.

Si rahisi kumlaumu kijana anayesaini. Mwaka 2023 kima cha chini cha Triple-A kilikuwa dola 35,800 kwa mwaka. Ligi kuu, kwa kiwango cha 2025, humlipa mchezaji wa chini kabisa zaidi ya dola 4,000 kwa siku, hivyo siku 16 za kusubiri zinamgharimu zaidi ya dola 60,000 papo hapo, mbali na mwaka wa uhuru. Kwa wanaotoka mbali hali ni nzito zaidi. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers iliwasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, kutoka nchi ambayo miaka kumi kabla timu yake ya Lugazi ilikuwa ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za besiboli ya watoto. Kwa mchezaji wa aina hiyo kuna saa nyingine kabla ya ile ya ligi kuu: klabu inaweza kumshikilia katika ligi ndogo misimu sita au saba, kutegemea umri aliosajiliwa, na hakuna hata siku moja kati ya hizo inayoingia kwenye ile miaka sita.

Mabadiliko yalikuja Machi 2022, baada ya klabu kuwafungia wachezaji milango kwa siku 99. Mkataba mpya haukugusa siku 172 wala miaka sita. Uliweka zawadi na adhabu pembeni yake.

Adhabu ni hii: mchipukizi atakayemaliza wa kwanza au wa pili kwenye kura za mchipukizi bora wa ligi yake anapewa mwaka mzima wa utumishi, hata kama aliitwa Juni. Adley Rutschman wa Baltimore Orioles alipandishwa tarehe 21 Mei 2022. Kwa kalenda alistahili siku 138. Akashika nafasi ya pili, akaandikiwa 172, na uhuru wake ukawa karibu zaidi kwa mwaka mzima.

Zawadi inahitaji masharti matatu yatimie. Kijana awe kwenye orodha ya vipaji 100 bora katika angalau mbili kati ya orodha tatu zinazotambuliwa, za Baseball America, ESPN na MLB Pipeline. Awe bado anahesabika mchipukizi, na utumishi wake uwe chini ya siku 60. Kisha apandishwe mapema kiasi cha kutimiza siku 172 kwa miguu yake mwenyewe. Akitwaa tuzo ya mchipukizi bora, au akiingia tatu bora za MVP au Cy Young (tuzo ya mrushaji bora) kabla hajafika kwenye usuluhishi, klabu inapata chaguo la ziada kwenye drafti baada ya raundi ya kwanza. Seattle, ileile ya Mather, ilikuwa ya kwanza kufaidika. Julio Rodríguez alianza msimu wa 2022 tangu siku ya kwanza, akatwaa tuzo, na Mariners wakapata chaguo namba 29 mwaka 2023.

Linganisha na Pittsburgh Pirates. Mrushaji Paul Skenes aliletwa tarehe 11 Mei 2024, baada ya mstari wa Aprili. Akawa mchipukizi bora. Kanuni ikampa mwaka kamili, kwa hiyo klabu haikuambulia msimu wa saba, na kwa vile hakuzifikisha siku 172 kwa kalenda, haikuambulia chaguo la drafti pia. Ilipoteza pande zote mbili, ukiacha wiki sita ambazo mkono wa mrushaji mchanga ulihifadhiwa, na kwa warushaji hiyo si sababu ya uongo.

Klabu nazo hazikulala. Mchezaji hubaki mchipukizi mpaka avuke mizunguko 130 ya kupiga, au iningi (vipindi vya mchezo) 50 za kurusha, au siku 45 kwenye orodha ya timu kubwa. Kwa hiyo sasa kijana huletwa mwishoni mwa Agosti, anaonja ligi kuu kwa mwezi mmoja, na hadhi yake ya mchipukizi inabaki salama kwa mwaka unaofuata. Corbin Carroll wa Arizona Diamondbacks alianza tarehe 29 Agosti 2022, Gunnar Henderson wa Baltimore tarehe 31 Agosti. Mwaka 2023 wote wawili walikuwa wachipukizi bora wa ligi zao, na klabu zote mbili zikavuna chaguo la drafti. Hapa hakuna aliyevunja kanuni. Lakini kijana aliyekuwa tayari Julai amesubiri hadi Agosti kwa sababu za kalenda, kama zamani.

Kwa hiyo ukitaka kukisia klabu itafanya nini, anza na kiwango cha kijana. Yule wa daraja la juu kabisa, anayepewa nafasi ya kuwa wa kwanza au wa pili, kumchelewesha sasa ni hasara, na wengi wa aina yake wanaanza msimu na timu. Yule wa kati, kipaji cha sitini au sabini kwenye orodha, au asiye kwenye orodha kabisa, hana zawadi wala adhabu inayomlinda. Kwake siku 16 bado zinanunua msimu mzima kwa bei ya mechi kumi na tano hivi, na hao ndio wengi.

Mkataba wa sasa unaisha tarehe 1 Desemba 2026. Mwaka 2021 klabu zilipendekeza kuachana kabisa na hesabu ya siku na kumpa kila mchezaji uhuru akifika miaka 29 na nusu. Ingeua mchezo wa Aprili kwa siku moja, lakini chama kilikataa, na ukimtazama Juan Soto unaelewa sababu. Aliingia ligi kuu Mei 2018 akiwa na miaka 19, akawa huru mwaka 2024 akiwa na 26, na Desemba hiyo akasaini na New York Mets miaka 15 kwa dola milioni 765. Kwa kanuni ya umri angesubiri hadi 2028.